Makaroni ya jibini kwa bia nyeusi: uchungu umetoka wapi, na sosi imekatikaje?

Swali: "Shikamoo, Mpishi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, sasa naishi Minneapolis, Marekani. Kazini kwetu, siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waayalandi, ikikaribia, kila mmoja hupika kitu akaleta. Mwaka jana mwenzetu alileta makaroni ya jibini yaliyopikwa kwa bia nyeusi, ile stauti, na chombo kilirudi kitupu. Nimejaribu nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza nilimimina chupa nzima pamoja na maziwa, nikatia jibini sosi ikiwa inatokota. Ikakatika: chenga chini, mafuta juu. Mara ya pili nilisoma kwamba bia ichemshwe kwanza mpaka ipungue ili ladha ikolee, basi nikachemsha chupa mbili zikabaki kikombe kisichojaa. Sosi haikukatika, lakini ilikuwa chungu kama mwarobaini. Ninakosea wapi? Na je, pombe yote huisha motoni? Wenzangu wawili ni Waislamu na mmoja ni mjamzito."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusoma barua yako kwa sababu umeeleza kama mtu anayepika kweli: ulitia nini, ulitia lini, na moto ulikuwaje. Wengi huniandikia "haikutoka vizuri" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha.

Uchungu wa mara ya pili ulitokana na zile chupa mbili, na kuzichemsha hakukusaidia kitu. Kukatika kwa mara ya kwanza kulikuwa kosa la moto zaidi kuliko la bia. Na pombe haiishi yote, kwa hiyo wageni wako hao watatu wapikie sufuria yao. Nitaeleza kila jambo kwa nafasi yake, ila tangu mwanzo shika hili: katika chakula hiki stauti ni kiungo. Si maji ya kupikia, wala haichukui nafasi ya maziwa. Ipime kama unavyopima karafuu za pilau. Zikitosha, mtu anauliza umetia nini. Zikizidi, hali tena.

Tuuanze huo uchungu, maana ndio unaowashinda wengi.

Stauti ina uchungu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa nafaka iliyokaangwa. Guinness, kwa mfano, hutumia shayiri ambayo haikuoteshwa kuwa kimea, hukaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni iliyokaangwa. Ndiyo inayoipa bia hiyo rangi, na ndiyo inayokufanya uhisi kahawa na chokoleti chungu mdomoni ingawa hamna kahawa wala chokoleti ndani. Huu ni uchungu mzuri, unapatana sana na jibini. Wa pili ni wa hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambayo watengeneza bia huyachemsha pamoja na maji ya kimea. Joto hugeuza asidi za maua hayo kuwa asidi nyingine zilizo chungu hasa, na hizo zikishaingia kwenye bia hazitoki. Hazipai na mvuke. Kinachopaa ni maji, pombe, na harufu nzuri.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Ulikuwa na chupa mbili, tuseme mililita 660. Ukachemsha mpaka zikabaki kama 180. Ulipotazama kikombe ukaona bia ya kikombe kimoja, kumbe uchungu wa chupa zote mbili ulikuwa umo humo humo. Kuchemsha hakukuongeza uchungu hata tone, wala hakukupunguza. Kulichofanya ni kuuficha ndani ya ujazo mdogo. Na wakati huohuo ile harufu ya mkate uliobabuka, ambayo ndiyo sababu ya kutumia stauti, ilikuwa inapaa na kujaa jikoni. Umetia sufuriani kile usichokitaka, ukapoteza ulichokitaka.

Najua ushauri huo umetoka wapi. Umetoka kwenye divai. Wapishi hupunguza divai motoni miaka na miaka, nayo inakubali, kwa kuwa divai haina hopsi: ikipungua unapata uchachu na utamu uliokolea. Mtu akaichukua kanuni hiyo akaihamishia kwenye bia bila kuonja. Nilifanya kazi miaka 6 jikoni mwa baa moja ya Kiayalandi mjini Boston, na kila kijana mpya aliyetoka jikoni za Kifaransa alilifanya kosa hili wiki yake ya kwanza. Nilikuwa namwachia aonje mwenyewe.

Kipimo ninachokitumia ni sehemu moja ya bia kwa sehemu nne za maziwa. Kwa pakiti moja ya makaroni ya Marekani, ile ya pauni moja, yaani gramu 454, tia mililita 180 za bia na mililita 700 za maziwa. Basi. Bia inayobaki kwenye kopo usiihurumie.

Bia yenyewe nayo ichague. Stauti kavu ya Kiayalandi, kama Guinness Draught, Murphy's au Beamish, ni nyepesi kuliko rangi yake inavyotisha. Guinness Draught ina pombe asilimia 4.2 tu, chini ya bia nyingi za kawaida. Hiyo inafaa. Inayofaa zaidi kwa mtu anayejifunza ni stauti ya maziwa. Hii hutiwa sukari ya maziwa wakati wa kutengenezwa, na kwa kuwa hamira ya bia haiwezi kuila sukari hiyo, inabaki na utamu ndani ya chupa. Utamu ule unakusamehe ukizidisha kidogo. Left Hand ya Colorado wanatengeneza moja ambayo huko uliko si ngumu kuipata.

Ziache hizi: stauti nzito zile za pombe asilimia 9 na kuendelea, stauti zilizotiwa kahawa, na stauti za Kimarekani zilizojaa hopsi. Ni za kunywa. Na nikuonye kuhusu Guinness ya chupa tuliyoizoea Afrika, ile Foreign Extra, kama mtu atakuletea au ukija kupika likizo nyumbani. Mzizi wake ni bia iliyoanza kutengenezwa Dublin mwaka 1801 kwa ajili ya safari ndefu za merikebu kwenda visiwa vya Karibi. Ilitiwa hopsi nyingi na pombe zaidi ili isiharibike baharini. Watoto wake hadi leo ni wakali kuliko ile ya kopo. Ukiitumia, punguza kipimo: mililita 120 zatosha, na hizo 60 zilizobaki ziongeze kwenye maziwa.

Vyovyote iwavyo, fungua bia nusu saa kabla, imimine kwenye jagi, iache itulie mpaka povu liishe. Ukitia bia yenye gesi kwenye siagi ya moto, itapanda na kumwagika kwenye jiko, na hutajua umetia kiasi gani.

Sasa kukatika kwa sosi.

Wewe umetoka Nakuru, huenda nyumbani hamkupikia nazi sana, lakini mtu wa pwani ataelewa mara moja. Mama yangu, kule Tanga, alipopika samaki wa nazi alianza na tui jepesi. Humo ndimo kila kitu kiliivia. Tui zito lilikaa pembeni kwenye bakuli likisubiri. Liliingia mwisho, moto ukiwa umeshushwa, na mwiko haukutoka sufuriani mpaka litulie. Ukiliacha tui zito litokote linakatika: maji huku, mafuta kule, na hakuna mwiko wa kulirudisha. Jibini ndilo tui zito la chakula hiki. Wewe ulilitia sosi ikitokota.

Kinachotokea ndani ni hiki. Jibini ni mafuta na maji vilivyonaswa kwenye wavu wa protini ya maziwa, kaseini, na wavu huo umeshikizwa na madini ya kalisi. Likipata joto la kiasi, wavu unalegea na jibini linatiririka. Joto likizidi, nyuzi zinakazana upya, zinabana kama mikono inayokamua nguo, na mafuta na maji yanatoka nje. Zile chenga zako ni protini iliyokamuliwa. Jibini likishafikia hapo, hata ukikoroga mpaka kesho halirudi.

Bia iliongeza shida kwa upande wake kwa sababu ina uchachu. Stauti ina pH (kipimo cha uchachu; kikishuka, uchachu umezidi) ya karibu 4. Maziwa yana 6.7 hivi, na kaseini hugandana yenyewe pH ikishuka mpaka 4.6, ndiyo maana maziwa yakichacha huwa mgando. Mililita 180 ndani ya maziwa 700 haziwezi kuyafikisha huko. Lakini chupa nzima kwenye maziwa machache, juu ya moto mkali, pamoja na jibini kongwe ambalo nalo lina uchachu wake, hapo umeisogeza sosi ukingoni na moto ukaisukuma.

Una walinzi wawili. Wa kwanza ni unga. Chembe za wanga zikivimba hukaa katikati ya protini na kuzizuia zisishikamane, ndiyo maana tunaanza na siagi na unga wala hatuyeyushi jibini ndani ya maziwa matupu. Wa pili wengi wanamdharau: jibini la kusindikwa, vile vipande vya manjano vilivyofungwa kimoja kimoja kwa plastiki. Nalitetea bila aibu. Jibini hilo hutengenezwa kwa chumvi za sitrati au fosfati, ambazo huiondoa ile kalisi kwenye wavu wa kaseini, na hapo protini zinageuka kuwa za kuyashika mafuta badala ya kuyatupa. Waswisi Walter Gerber na Fritz Stettler waligundua njia hiyo mwaka 1911, na James L. Kraft akapata hataza ya njia yake mwenyewe Marekani mwaka 1916. Vipande vinne tu ndani ya sosi vinawagawia majirani zao chumvi hizo, na sosi nzima inakuwa laini. Ladha yao haisikiki kwa kuwa cheda kali inawafunika.

Kwa hiyo jibini la pauni moja ya makaroni ni hili: cheda kali gramu 250, Gruyère au Gouda gramu 80, na la kusindikwa gramu 80. Usichukue cheda iliyokaa miaka mingi mpaka inamomonyoka; ina ladha kubwa lakini imepoteza unyevu, nayo ndiyo ya kwanza kukatika. Ya miezi 9 hadi 12 inatosha. Na jibini likwaruze mwenyewe. Lile la mfuko lililokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga au unga wa nyuzi za mimea ili lisigandane, na unga huo unaifanya sosi iwe na mchangamchanga ulimini. Jibini la moshi liache pia: stauti ina ubabuzi wake, na mbili zikikutana unakula kijinga cha moto.

Ukishaelewa hayo, kupika kwenyewe ni kazi ndogo.

Anza na kitunguu maji kimoja cha wastani, kikate chembamba, kikaange kwa gramu 20 za siagi juu ya moto mdogo kwa dakika 20 mpaka kiwe na rangi ya asali na kinywee kabisa. Usikikimbize. Utamu wa kitunguu hiki ndio unaosimama mbele ya uchungu wa bia, nami nakipenda kuliko sukari, ingawa nusu kijiko cha chai cha sukari guru nayo si dhambi. Kiweke pembeni.

Chemsha makaroni kwenye maji mengi yenye chumvi, uyaepue dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yachuje, usiyasuuze.

Sufuria iwe yenye kitako kizito. Yeyusha siagi gramu 60, tia unga wa ngano vijiko vikubwa 6, kaanga huku unakoroga dakika 3 au 4 mpaka unukie karanga na ugeuke rangi ya mchanga mkavu. Sasa bia, kabla ya maziwa. Imimine kidogo kidogo, ukipiga kwa waya wa kupigia mayai. Itaganda ghafla kama ugali mlaini. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Iache ichemke dakika 2 hivyo hivyo ilivyo nzito. Ninaitanguliza bia kwa sababu unga unaifyonza kabla haijaonana na maziwa, na ukali wa pombe puani unapungua bila bia kupikwa mpaka ipoteze harufu. Wapishi wengine huitia mwisho kabisa. Nimeonja ya kwao mara nyingi. Ina ladha ya bia mbichi iliyomwagikiwa na jibini, wala sijaipenda.

Kisha maziwa, yenye mafuta yake yote na yaliyopashwa moto, uyatie kwa mafungu manne, kila fungu likishakubali ndipo lifuate jingine. Ukipenda, mililita 200 kati ya hizo 700 ziwe maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari, yanatuliza sosi. Acha ichemke polepole dakika 5 mpaka ikipaka mgongo wa mwiko na ukipitisha kidole njia inabaki. Tia haradali ya kukorogwa vijiko vidogo 2, sosi ya Worcestershire kijiko kidogo 1, pilipili manga, kungumanga iliyokwaruzwa kidogo, na kile kitunguu chako.

Hapa ndipo palipokuangusha, basi simama. Zima jiko. Sogeza sufuria kwenye sehemu ya jiko iliyo baridi. Subiri dakika 2 au 3, mapovu yaishe kabisa, mvuke tu uwe unatoka. Ukiwa na kipimajoto, tafuta nyuzi 70 za Selsiasi, yaani kama 160 za Fahrenheit. Ndipo utie jibini, konzi kwa konzi, la kusindikwa likitangulia, ukikoroga taratibu mpaka konzi moja liyeyuke ndipo uongeze lingine. Likigoma kuyeyuka mwishoni, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa kwa nusu dakika, si zaidi.

Onja. Chumvi huja sasa, maana jibini tayari limeleta ya kwake. Na kama bado unasikia uchungu ulimini, ongeza chumvi kwanza kabla hujakimbilia sukari: chumvi kidogo hufanya ulimi usiusikie uchungu sana, ndiyo maana wako wanaotia punje za chumvi kwenye kahawa.

Changanya na makaroni. Sosi itaonekana nyepesi kuliko unavyotaka. Iache ilivyo, kwa sababu makaroni yataendelea kuinywa ndani ya oveni, na anayeipika nzito sufuriani hula tofali mezani. Mimina kwenye chombo cha kuokea, nyunyizia chenga za mkate zilizochanganywa na siagi iliyoyeyuka, oka kwa nyuzi 190 (kwenye oveni yako ya Marekani ni 375) dakika 20 mpaka kingo zinatoa mapovu na juu pana rangi. Iache itulie dakika 10 kabla hujaichota.

Labda utauliza kwa nini nimeshikilia haradali na sosi ya Worcestershire. Ni kwa sababu jibini lililoyeyushwa na bia si jambo la jana. Waingereza na watu wa Wales wana chakula cha zamani, jibini linayeyushwa kwa bia, mara nyingi nyeusi, pamoja na haradali, kisha humiminwa juu ya mkate wa kuchoma na kubabuliwa. Makaroni yako ni mtoto wa chakula hicho aliyeolewa Marekani, na haradali ni mahari yake: ukali wake unaukata unene wa jibini na kuiunganisha bia na maziwa.

Na upande wa Marekani kuna mtu ambaye kila nikipika chakula hiki namkumbuka. James Hemings alizaliwa mtumwa, akapelekwa Paris na bwana wake Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwaka 1784 kujifunza upishi wa Kifaransa. Alipopewa uhuru wake mwaka 1796, sharti lilikuwa kwanza amfundishe mtu wa kushika nafasi yake jikoni. Aliyefundishwa ni ndugu yake, Peter Hemings, aliyebaki mtumwa na kuwa mpishi wa Monticello, shamba la Jefferson kule Virginia. Ni kwenye meza ya Jefferson, Ikulu ya Marekani mwaka 1802, mgeni mmoja alipoandika kwamba alipewa pai iitwayo makaroni, na hakuifurahia. Hayo hutajwa sana. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba Peter huyohuyo, mwaka 1813, alijifunza kwa Mwingereza mmoja mtengeneza bia, Joseph Miller, akawa ndiye anayeotesha kimea na kutengeneza bia ya Monticello. Mikono iliyopika mapishi ya ndugu yake ndiyo iliyotengeneza bia, na hakuna sufuria wala pipa lililokuwa lake. Siku ya tafrija yenu, watu wakisema hiki ni chakula cha Kiayalandi kwa sababu ya kopo la bia, waambie habari za Peter.

Nije kwenye pombe, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Si kweli kwamba pombe yote huisha motoni. Majedwali ya idara ya kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichochanganywa na pombe kikachemshwa au kuokwa dakika 15 hubakiwa na kama asilimia 40 ya pombe yake, dakika 30 asilimia 35, na hata saa nzima bado asilimia 25. Kwa hesabu yangu, mililita 180 za bia ya asilimia 4.2 zina pombe kama mililita 7 na nusu. Baada ya jiko na oveni itabaki kama 3, igawanywe kwa sahani sita, kila sahani nusu mililita. Ni kidogo mno kumlevya mtu. Lakini kwa mwenzako Mwislamu swali si kulewa. Bia imo au haimo, na imo. Na mjamzito ameambiwa na daktari wake aepuke. Si kazi yako kumpigia hesabu za mililita. Usimfiche mtu, na usiseme "imeshachemka hiyo." Aliyekuamini akala kwa mkono wako ana haki ya kujua kilicho ndani.

Wapikie chungu chao, na kisiwe cha kusikitisha. Ile ladha ya shayiri iliyokaangwa utaipata kwenye kahawa, kwa sababu vyote viwili vimepitia moto uleule wa kukaanga mpaka weusi. Pika kahawa chungu, ile ya barazani, nzito na isiyo na sukari, ila usitie tangawizi. Badala ya mililita 180 za bia, tumia vijiko vikubwa 3 vya kahawa hiyo pamoja na mililita 135 za supu nyepesi ya mboga, na kijiko kidogo kimoja cha sukari guru. Itie mahali palepale, baada ya unga na kabla ya maziwa. Nimewapa watu vyote viwili bila kuwaambia kipi ni kipi, watu wasio na mwiko wa pombe, na wengi walikichagua chungu cha kahawa. Kuna pia stauti isiyo na pombe, Guinness 0.0 na nyinginezo, lakini Waislamu wengi hawaitaki hata hiyo, nami siwezi kuwasemea. Kahawa haina mjadala.

Na jibini la chungu hicho soma lebo yake. Jibini hugandishwa kwa renneti, na baadhi ya renneti hutoka tumboni mwa ndama. Wako Waislamu wasioona tabu na wako wanaotaka jibini lililogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu. Muulize mwenzako wiki moja kabla, kwa faragha, si mezani mbele za watu. Kila chombo kiwe na kijiko chake cha kupakulia, na karatasi iliyoandikwa kubwa: hiki kina bia, hiki hakina.

Kuhusu kusafirisha: oka nyumbani dakika 12 tu badala ya 20, funika kwa karatasi ya aluminiamu, zungushia taulo nene. Kazini malizia kwenye oveni kama ipo. Kama kuna maikrowevu peke yake, oka mpaka mwisho nyumbani, na beba kikombe cha maziwa ya moto kwenye chupa ya chai. Ukifika, mwagia kidogo pembeni, ugeuze kwa mwiko mara moja, sosi itafunguka.

Kiporo nacho usikipashe kwa moto mkali, utalikamua jibini upya na chenga zitarudi. Sufuria ndogo, vijiko viwili vya maziwa, moto mdogo, na mwiko usitoke.